Mfamasia Agongaye Mifuniko ya Sufuria

3 Februari

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini wewe hujambo, Baba Mdogo hajambo na goti lake nalo halijambo, na saluni bado inajaa wanawake wanaokuja kusukwa nywele na kuchambuana. Mimi mzima. Baridi ya huku imenipasua midomo, lakini nakula, nalala, na kile kikohozi kimeniacha.

Naandika kwa anwani ya saluni, na sababu unaijua. Simu yako ni mali ya umma. Mnaishi nyumba moja, ikilia tu Mama ndiye wa kwanza kuchungulia ni nani, na jina langu likitokea anailaza kifudifudi mezani. Usikatae, ulinisimulia mwenyewe.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Lile kundi letu la watu sita limenipa nafasi ya kutunga. Si kupiga tu, kutunga! Dakika ishirini za ala za kugonga tupu: hakuna gitaa, hakuna kinanda, hakuna mwimbaji. Watu wanakaa ukumbini kimya kama wako kwenye mtihani, sisi tunagonga ngoma, mabomba ya maji, vyungu vya maua na breki za lori. Ndiyo, breki. Tulipozifuata gereji, fundi alitaka kujua lori lenyewe limekwama wapi.

Nimepata vyote isipokuwa kimoja, na hicho hakiuzwi. Nataka ile mifuniko mitatu ya sufuria kubwa za Mama, za tangu hajawa mpishi mkuu wa shule, ile yenye mabonde. Ule mkubwa ukiugonga pembeni unalia, halafu sauti inayumba, inapanda, inashuka, kama mtu anayetaka kulia akajizuia. Nimegonga mifuniko ya maduka yote ya mji huu mpaka wauzaji wananikimbia. Yote inalia vizuri na haina la kusema. Ile ya Mama iko juu ya kabati la jikoni, haitumiki. Itoe kimyakimya.

Mama anasemaje siku hizi? Niambie ukweli. Tangu niache ufamasia mwaka wa tatu, hajaniita hata kwa jina.

Mwanao,
Kelele

27 Februari

Kelele wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Goti la Baba Mdogo linamsumbua, ila mdomo uko imara. Saluni imepata kiti kipya cha kuoshea nywele, kinazunguka. Mteja wa kwanza alikizungusha mpaka akaangukia ndoo.

Barua yako niliisoma huku nimeshika kichwa cha mtu, nusu kimesukwa. Nilicheka mpaka msuko ukaenda kombo, ikabidi nimwambie ndio mtindo wa mwaka huu. Hebu nielewe vizuri. Ulipanda ndege, ukavuka bahari, ukasoma huo muziki mpaka macho yakaingia ndani, ili uje ugonge mifuniko? Si ulikuwa unaigonga hapahapa bure, tena ukachapwa?

Haya, mapenzi ya mtu ni mapenzi. Mifuniko nimeipata. Anakuja nayo binti wa mteja wangu anayerudi masomoni huko kwenu. Nimeifunga kwa kanga yangu kuukuu, imetakata, inang'aa, utajionea fahari mbele ya wageni.

Mama yako hajambo. Anapika. Juzi kanunua viatu.

Halafu, kabla sijasahau: mtu mwenye shinikizo la damu anaweza kunywa ile dawa ya kikohozi ya chupa ya kahawia? Nauliza tu.

Akupendaye,
Mama Mdogo

2 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo, na msalimie Baba Mdogo. Mimi mzima wa mwili.

Mmeifanya nini mifuniko yangu?

Nilifungua kanga yako mbele ya wenzangu watano ambao nimewachosha mwezi mzima kwa hadithi za mfuniko unaolia. Nikautoa. Unang'aa kama kioo cha saluni. Hauna bonde hata moja! Nikaugonga. Ting. Basi. Ting, kama kengele ya mapokezi hotelini. Mpiga marimba wetu, tunayemwita Mrefu, akaniuliza kwa upole kabisa kama huo ndio mfuniko wenyewe, au ni kitu kilichokuja kimeufunika.

Nani alikwambia mabonde ni ugonjwa? Utungo wote niliujenga juu ya sauti ile. Nusu ya karatasi zangu sasa ni za kufungia maandazi. Najua ulikuwa na nia njema, ndiyo maana nimesubiri siku kadhaa kabla ya kuandika, ili nisikukosee adabu. Ungeona barua ya kwanza niliyoichana.

Na usinijibu habari za viatu. Nilikuuliza habari za Mama.

Huyo wa shinikizo la damu mwambie aende kwa daktari. Mimi niliacha mwaka wa tatu, wewe ndiye uliyenipokea kituoni na sanduku langu. Kwa nini unaniuliza mimi?

Kelele

11 Mei

Kelele,

Hatujambo. Baba Mdogo kapata mkongojo na sasa anauelekezea kila kitu anachotaka apewe.

Nimekaa muda bila kukujibu kwa sababu nilinuna, na mtu akinuna kwa haki hana haraka. Nimekaa na siri ya mtu mpaka tumbo likavimba, halafu wewe unanifokea mimi! Basi nitasema, na Mungu anisamehe, wewe ndiye uliyenichokoza.

Si mimi niliyeinyoosha. Ni mama yako.

Alinikuta nimepanda kiti, mikono miwili juu ya kabati.

"Unatafuta nini?"

"Mende."

"Mende gani huyo, mpaka umletee kiroba?"

Mwanangu, mimi kudanganya naweza, lakini si mbele ya dada yangu, alinilea yule. Nikamwambia: ni yule mtoto, anaitaka mifuniko kwa ajili ya muziki wake. Nikangoja aniteremshe kwa maneno. Wapi! Akaipokea mikononi mwangu mmoja mmoja, akaisugua kwa mchanga na majivu. Asubuhi akaibeba mwenyewe kwa fundi bati, akamsimamia maskini wa watu mpaka bonde la mwisho likanyooka. Fundi akamuuliza, mama, hii ya kupikia nini? Akamwambia: "Inakwenda ugenini. Sitaki waseme mtoto katoka nyumba ya makopo." Akarudi, akaiweka kitandani kwangu, akasema: "Hujaniona." Ndiyo maana nilikuletea habari za viatu.

Sasa gonga hiyo ting yako kwa adabu.

Na dawa ya minyoo hunywewa kabla ya kula au baada? Si ya kwangu.

Mama Mdogo

15 Juni

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, nikajikuta nimekaa. Nililia, sikufichi. Jirani wa chini akanipita na mfuko wake wa viazi, akaniruka kama kidimbwi, akaendelea na safari.

Kesho yake nilitupa karatasi zote, nikaanza upya. Sasa wenzangu watano ndio wenye vyombo vibovu, wanafanya fujo ya kufa mtu: breki, mabomba, masufuria ya jaani. Kisha mfuniko wangu ulionyooka unaingia peke yake. Ting. Mrefu alipousikia humo ndani ya ile fujo, aliweka vijiti vyake chini na hakuuliza swali.

Katikati nimeweka kimya. Kimya kirefu. Sote sita tunasimama mikono juu na hatugongi kitu. Kiongozi wetu anasema ni kirefu mno, watu watadhani tumesahau. Nimekataa kukipunguza. Usiniulize ni kimya cha nani.

Halafu nina habari. Septemba tunakuja huko kwenu kupiga, kwenye ule ukumbi mkubwa karibu na stesheni! Mabango yatabandikwa mji mzima, na picha ni yangu, nimeshika mfuniko.

Dawa ya minyoo: someni karatasi iliyomo ndani ya boksi. Mama Mdogo, kuna nini?

Kelele

30 Juni

Kelele,

Salamu baadaye, nyumba inaungua.

Bango? Lenye sura yako? Toba! Haya, kaa chini nikueleze. Pale shuleni wanajua wewe ni mfamasia. Mama yako aliwaambia umehitimu. Mwanzo ilikuwa jibu la kumfukuza mtu mdadisi dirishani pa jikoni, lakini uongo ni kama hamira, ukiugusa tu unaumuka. Sasa wanamwita Mama Mfamasia. Walimu wanakuja na vyeti vyao vya dawa wakati wa chai. Mhasibu wa shule, yule mwenye suruali za kubana, amemletea mpaka matokeo ya vipimo vya mama mkwe wake. Zamani mama yako alikuwa anawajibu mwenyewe: kunyweni maji mengi, mpumzike. Hakuna aliyekufa. Lakini tangu ile siku ya kiroba amejua nakuandikia, basi swali likimshinda ananiambia, "Muulize huyo unayemwandikia." Jina hataji.

Sasa mabango! Nimefikiri mpaka nimemuunguza mteja sikio. Hamwezi kuvaa makoti meupe? Wote sita. Mtu akiuliza, hiyo ni maabara. Au wewe ukae nyuma ya pazia, wao waonekane. Au ufuge ndevu. Una miezi miwili, na ukoo wetu una nywele.

Nijibu upesi.

Mama Mdogo

21 Julai

Mama Mdogo,

Shikamoo. Koti jeupe hapana. Pazia hapana. Ndevu zinanitoka upande mmoja.

Nilivaa koti jeupe miaka mitatu, na muda wote nilikuwa nagonga vichupa vya maabara kwa kijiko nikisikiliza kipi kinalia juu na kipi chini. Siku nilipoacha, nilimwambia Mama mwenyewe, ana kwa ana, sikumtuma mtu. Alinigeuzia mgongo akaendelea kukoroga. Nilidhani ana hasira na mimi. Kumbe alikuwa ananibadilisha na mtoto mwingine! Inaniuma, Mama Mdogo. Inaniuma kuliko angenitukana.

Ndani ya bahasha hii mna tiketi mbili, viti vya mbele, vinafuatana. Kimoja chako. Kingine mpe yeye, na umwambie maneno yangu haya haya, usiyatie sukari: akija, aje kama mama wa mpiga ala. Akija kama mama wa mfamasia, huyo hayupo jukwaani, atakuwa amejichosha bure. Na nikitazama chini nikaona kiti kitupu, sitamuulizia tena.

Kelele

19 Agosti

Kelele,

Hatujambo. Baba Mdogo kaazima suti kwa ajili ya siku yako, halafu goti likakataa. Atabaki nyumbani amevaa suti.

Tiketi zimefika. Nilimsomea barua yako neno kwa neno, sukari sikutia, akiwa anamenya vitunguu. Machozi yalimtoka, akasema ni vitunguu. Mimi nimemenya vitunguu maisha yangu yote na sijawahi kuona vikimtoa mtu kamasi kiasi kile.

Tiketi yake niliiweka chini ya kikombe chake cha chai. Asubuhi kikombe kilikuwa kimeoshwa na tiketi haipo. Kaiweka, kaichoma, sijui. Jiko letu halizimwi.

Mabango yapo. Moja limebandikwa ukutani pa shule, karibu na lango. Umenenepa mashavu. Mama yako siku hizi anapita ng'ambo ya pili ya barabara, na watu wameanza kunong'ona dirishani. Zaidi ya hapo usiniulize, maana sijui, na ninavyopenda kujua mambo, wewe fikiria hali niliyonayo.

Mama Mdogo

29 Septemba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Tuko mji mwingine sasa, tunapiga leo na kesho. Asante kwa kuja, na kwa msuko ule uliomzibia mtu wa nyuma yako jukwaa zima.

Nisamehe pale mlangoni. Basi lilikuwa linaunguruma, Kiongozi ananivuta shati, nawe ulikuwa umefungua mdomo kuniambia jambo. Nilikuzuia kwa sababu nilishaona. Tangu naingia jukwaani niliona: wewe, na kando yako kiti kitupu. Kilikuwa kitupu mwanzo, kilikuwa kitupu mwisho. Sikutaka kuletewa habari za vitunguu.

Nitakwambia jambo moja tu la siku ile. Tulipofika kwenye kimya, tukainua mikono, mambo yakaharibika kama Kiongozi alivyotabiri. Watu wakadhani tumemaliza. Wengine makofi, wengine wanainuka kutafuta mikoba, na huko ghorofani niliona mtu anacheka mpaka anashika tumbo. Sikusikia neno, maana tunavaa vizibo masikioni, breki zile zikikupata bila vizibo unarudi nyumbani kiziwi. Nilisimama mikono juu, nikasema moyoni, nimekwisha. Mara nikaona watu wote wanageuza vichwa kuelekea juu, kisha wanakaa. Wote, kwa mkupuo, mpaka waliokuwa wameshafika mlangoni. Ukumbi ukatulia, nikagonga mfuniko. Tangu nizaliwe sijawahi kusikilizwa namna ile.

Mtu wetu wa taa, asiyevaa vizibo, anasema kuna mtu alifoka, lakini lugha haijui. Nadhani ni mlinzi. Ukimwona mpe asante zangu.

Mengine nilisema sitauliza, na siulizi.

Kelele

13 Oktoba

Wewe mtoto,

Marahaba. Mimi mzima, Baba Mdogo mzima, suti imerudi kwa mwenyewe. Salamu zimekwisha.

Mlangoni ulininyooshea kiganja kama askari wa barabarani. Haya, sasa ninyooshee! Mlinzi, ati. Yule mlinzi alikuwa nje anakula karanga.

Mama yako alikuja. Aliniambia siku ileile asubuhi, anapiga pasi gauni lake la harusi za watu. Nikamwambia, twende, viti vyetu viko pamoja. Akasema: "Mbele hapana. Nimewadanganya watu wote wa kule shuleni. Nikikaa mbele peke yangu wao watakaa wapi?" Akafungua pochi, ile tiketi yako imo, imekunjwa kwenye kitambaa, na nyingine tele za ghorofani. Aliwakusanya wote, mwanangu. Jikoni nzima, wapishi na waosha vyombo, walimu wa vyeti vya dawa, na mhasibu na suruali zake. Aliwaambia tu, njooni mwone kitu. Mimi nilikaa chini na kiti changu kitupu, shingo inaniuma kwa kugeuka.

Jumatatu iliyofuata mwalimu mmoja kwa mazoea alimletea cheti cha dawa, akamwelekeza hospitali iliko. Simu yake anaibeba kila mahali, mpaka bafuni, na ikilia yangu haichungulii tena. Anangoja ilie yake. Hasemi hivyo, lakini mimi si mtoto. Ungekuwa na akili ungekuwa umeshampigia kabla hujafika mstari huu.

Sasa sikiliza hicho ambacho vizibo vyako vilikunyima. Mlipoinua mikono mkasimama kama waliokamatwa, mimi mwenyewe niliokota mkoba. Ndipo nikamsikia mhasibu huko juu anaangua kicheko, anasema ukumbi mzima usikie: "Mama Mfamasia! Yule si mwanao? Mbona mfamasia anagonga mfuniko?" Na wale wa jikoni, Mungu awasamehe, nao wakacheka.

Akasimama. Nilimwona, kashika ule ukingo wa ghorofani kwa mikono miwili. Kisha akatoa ile sauti yake ya kunyamazisha shule nzima kwenye foleni ya chakula.

"Mfamasia nilimzaa kwa mdomo," akasema. "Huyo pale nilimzaa kwa uchungu. Kaeni chini, mwanangu hajamaliza!"

Ukumbi mzima ukakaa. Mimi nilikuwa nimeshakaa, nikakaa tena.

Mama yako mdogo